Bibi yangu alioa

Bibi yangu alioa. Sijakosea kuandika. Alitoa ng'ombe, wazee wakaenda kwa wazazi wa binti, binti akaletwa nyumbani kwake kule Tarime na kuanzia siku hiyo pale kwenye mji bibi ndo akawa mume. Kwetu Wakurya inaitwa nyumba ntobhu, na najua wengi mnaosoma hapa hamjawahi kuisikia kwa hiyo ngoja niielezee vizuri, manake nikiisema haraka haraka watu wanaelewa vibaya.

Bibi mkubwa alizaa mabinti watupu. Wakaolewa wote wakaondoka, alafu babu akafariki, na kwa mila zetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inahesabika kama moto unaozimika, ndugu wa mume wanaanza kulitolea macho shamba. Yeye alikuwa na ng'ombe wa mahari ya mabinti zake haohao, akawachukua akaoa nao. Binti aliyeletwa ndo bibi mdogo, na bibi mdogo ndo aliyemzaa baba yangu. Mwanaume aliyempa mimba alijulikana, alikuwa anakuja usiku na kuondoka alfajiri, ila mtoto hakuwa wake, mtoto alikuwa wa nyumba ya bibi mkubwa na jina tunalobeba mpaka leo ni la nyumba ile. Hapakuwa na habari ya mapenzi kati ya wale wanawake wawili, nalisema hili mapema kwasababu kila nikisimulia lazima atokee mtu wa kuuliza. Ilikuwa habari ya mji, mtoto na ardhi. Na bibi mdogo mwenyewe aliniambia alikubali kuja kwasababu alikuwa anaona dada zake walioolewa na wanaume wanavyorudi nyumbani na majeraha, akaona bora aende kwa mwanamke mwenzie.

Kiswahili hakina shida ukisema "anakuja", hujui ni mwanaume au mwanamke mpaka uulize. Lakini ikifika kwenye ndoa lugha yetu inakaza, mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, na ukichanganya unasahihishwa hata na mtoto wa darasa la tatu. Bibi alivuka palepale lugha ilipokaza na kijiji kizima kikakubali, kwenye vikao vya ukoo alikaa, mifugo aliigawa yeye, mahari ya wajukuu alipokea yeye.

Nimeanza na bibi kwasababu tuna grupu la WhatsApp la wanawake tuliosoma wote sekondari, tuko kama hamsini hivi, wengine Dar, wengine Mwanza, mmoja Nairobi, wawili Uingereza, na kwenye hilo grupu tumegombana vibaya mpaka mtu akaleft. Tuligombana kuhusu hukumu ya Uingereza.

Kwa wasioijua, tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watano wote kwa kauli moja, walisema kwamba neno mwanamke kwenye sheria yao ya usawa ya 2010 maana yake ni mwanamke wa kimaumbile. Kesi ilitokea Scotland. Kule bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2018 kwamba bodi za taasisi za umma zifikie nusu wanawake, na serikali ikaelekeza kwamba mtu aliyezaliwa mwanaume akabadili jinsia na kupata cheti cha serikali (hivi vyeti vipo kule tangu sheria ya 2004) naye ahesabiwe kwenye ile nusu. Kikundi cha wanawake kinaitwa For Women Scotland kikapinga, kikashindwa kwenye mahakama za Scotland, kikapanda mpaka juu kikashinda. Jaji Hodge alivyokuwa anasoma alionya kabisa watu wasiichukulie kama ushindi wa upande mmoja dhidi ya mwingine, akasema watu transjenda (hao waliobadili jinsia) bado wanalindwa na sheria ileile wasibaguliwe wala kunyanyaswa. Sehemu hiyo kwenye grupu haikufika, ilifika ya kwanza tu.

Dada yetu mmoja anayelea wazee kule Uingereza akatuma voisi ya dakika sita anashangilia. Yule wa Nairobi akamjibu kwamba anashangilia watu kuumizwa. Basi hapo ikawa moto, na mi siku ya kwanza nilinyamaza kabisa, nikaandika nikafuta nikaandika nikafuta, kwasababu nilichotaka kusema hakikai kwenye komenti.

Semina yangu ya kwanza ya haya mambo nilihudhuria Dar nikiwa nimemaliza chuo juzi tu. Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima, akachora mstari katikati ya flipchati, kushoto akaandika JINSI kulia akaandika JINSIA. Jinsi ni maumbile, akasema, kubeba mimba, kunyonyesha, hedhi, hivyo umezaliwa navyo. Jinsia ni kazi na heshima na mamlaka ambayo jamii inagawa, nani apike, nani arithi, nani aongee kikaoni. Herufi moja tu inatenganisha. Akatuambia tutoe mifano ya jinsia kubadilika, watu wakasema wanaume wapishi wa hotelini, wanawake madereva wa mabasi, mi nikanyoosha mkono nikasema bibi yangu alioa. Ukumbi ukanyamaza. Yule mama akanisogelea akaniambia kaa mbele mwanangu, eleza.

Siku hizi ule mstari watu wanaufuta. Fomu moja itakuuliza jinsi, nyingine inauliza jinsia, zote zinataka uandike ke au me. Kenya ndo kabisa, jinsia inabeba vyote viwili. Na mimi, hapa ndo naweka msimamo wangu wazi, ni katika wale wasiotaka neno jinsi lipotee. Nalihitaji. Kazi yangu yote ya miaka kumi na kitu nimeifanya juu ya hilo neno.

Desemba Tarime mnaijua? Shule zikifunga, kwa miaka ya msimu, wazee wa mila wakishatangaza, unasikia ngoma kuanzia asubuhi na barabarani wanatembezwa watoto wa kike waliotoka kukeketwa, wamefunikwa khanga, damu zinashuka miguuni, watu wanacheza pembeni wanawatuza pesa. Ngariba hamuulizi mtoto anajionaje moyoni mwake. Anaangalia mwili. Mtoto anaweza kuwa mpole, mkali, anapenda mpira, hataki kuolewa kabisa, haimsaidii, mwili wake ndo uliomwingiza kwenye ule mstari na kaka yake anapita mstari mwingine wenye maana nyingine kabisa. Sheria imekataza tangu 1998, ila ile sheria inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18 tu, akishavuka hapo haimtaji, na watu wanajua, wapo waliokeketwa wakiwa wanasubiri kujifungua kwasababu mama mkwe amekataa kupokea mjukuu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 8 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 nchini wamekeketwa, mwaka 2015/16 ilikuwa 10. Inashuka, ila nyie mnajua Mara yetu ilivyo, sisi tuko kati ya mikoa inayovuta hiyo namba juu.

Au chukua Sheria ya Ndoa ya 1971. Mvulana miaka 18. Msichana 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 mahakama ikiruhusu. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi alipeleka kesi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vile vifungu vinapingana na katiba, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Ile tofauti ya miaka ilitoka wapi? Ilitoka kwenye jinsi. Kwamba huyu akishavunja ungo anaweza kuzaa, basi. Taulo za kike vilevile, 2018 serikali iliondoa VAT, 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka, na binti wa Nyamongo anayekosa shule siku nne kila mwezi hakosi kwasababu ya namna anavyojitambulisha.

Nimewahi kujitolea kwenye nyumba salama misimu mitatu. Tunapokea mabinti waliokimbia kukeketwa, wengine wametembea usiku kucha pekupeku. Pale getini ilikuwa amri mwanaume haingii baada ya magharibi, hata awe nani, hata awe baba mzazi anayelia, hata awe kaka aliyemsindikiza dada yake kumtorosha. Kaka wa watu tulimlaza kwa jirani. Sikuwahi kuona kwamba tunamchukia yule kijana, alikuwa shujaa kwangu, lakini ndani kulikuwa na watoto sitini waliokuwa wakisikia sauti nzito wanaamka wanakimbilia chini ya vitanda. Kwa hiyo wanawake wa Uingereza waliosema wanahitaji nyumba ya kujihifadhi ya wanawake tupu, wodi ya wanawake tupu, gereza la wanawake tupu, mi nawaelewa kutoka ndani kabisa na sikubali waitwe wenye chuki kwa kuomba hivyo tu.

Sasa. Kwenye grupu hatukuishia hapo. Mtu akaanza kutuma picha za watu, watu wa kawaida tu wamechukuliwa mitandaoni, wanaume waliovaa magauni, na vicheko, na "hawa wakija huku tutawanyoosha". Nikiwa nakaa Manzese nilikuwa na jirani wa chumba cha nne. Alizaliwa mvulana, aliishi kama mwanamke, alikuwa anasuka nywele, mi mwenyewe alinisuka mara nyingi tu. Tulikuwa tunachota naye maji bombani na hatukuwa na kikao cha kujadili yeye ni nani. Jumapili moja vijana walimvamia kituoni, alirudi jicho limefungwa na mkono hauinuki, na alikataa kata kata kwenda hospitali wala polisi kwasababu alijua atakachokutana nacho. Mama mwenye nyumba, mama wa Kizaramo mswalihina, ndiye aliyechemsha maji. Mi nilishika taa. Kwa hiyo ukiniambia kutetea neno jinsi ni kukaa upande wa wale vijana wa kituoni, nakataa. Na ukitetea jinsi kwa kutuma zile picha, hatuko pamoja, niliandika hivyohivyo kwenye grupu na kuna waliokasirika.

Alafu kuna wale wakimbiaji. Hili ndo linaninyima usingizi kuliko yote, na nashangaa huku kwetu linaongelewa kama habari ya michezo tu.

Fainali ya mita 800 ya wanawake Rio 2016 mnaikumbuka? Dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Watatu wote Waafrika, tukashangilia. Wote watatu baadaye wakafungiwa nje ya mbio hizohizo. Hawa sio transjenda, tafadhali mnisikilize hapa kwasababu watu wanachanganya makusudi. Ni wanawake waliozaliwa wakatambuliwa wasichana, wakalelewa wasichana, ila maumbile yao ya ndani yana tofauti na miili yao inatengeneza testosteroni (homoni inayoitwa ya kiume) nyingi kuliko kawaida ya wanawake. Kiswahili kina neno la zamani, huntha, mpaka vitabu vya fiqhi vinajadili huntha anarithi fungu gani, maana yake wazee walijua watu hawa wapo. Kenya kwenye sensa ya 2019 iliwahesabu, wakapatikana 1,524.

Semenya alikuwa na miaka 18 tu kwenye mashindano ya dunia ya riadha pale Berlin 2009. Siku ya fainali, kabla hajakimbia, dunia nzima ikatangaziwa kwamba anapimwa kama ni mwanamke. Miaka 18! Niyonsaba alipofungiwa 800 akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 kule Zagreb, alafu 2023 kanuni zikabana mbio zote. Wambui alikataa kunywa dawa za kushusha homoni, akasema bora kuwe na kundi la tatu la mashindano.

Lakini anayeniuma zaidi ni Annet Negesa wa Uganda. Alikuwa bingwa wa taifa wa 800, amejiandaa kwenda Olimpiki London 2012, akaambiwa homoni zake zimezidi. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2019 akajitokeza kwenye televisheni ya Ujerumani akasema hakuelezwa vizuri anafanyiwa nini, alidhani ni jambo dogo tu kama sindano, akazinduka akajikuta ana makovu tumboni. Hakurudi tena kwenye ile spidi. Shirikisho la riadha la dunia lilikana kuhusika na huo upasuaji. Akapata hifadhi Ujerumani.

Nilivyosoma habari yake niliweka simu chini nikatoka nje. Manake mi nimekaa na watoto walioambiwa "ni jambo dogo tu, utalala utaamka umekuwa mwanamke kamili". Maneno yaleyale! Ngariba anakata ili uwe mwanamke, na huku binti wa Kiafrika anakatwa ili akubalike kuwa mwanamke, na kote wanaosimamia wanasema ni kwa faida ya wanawake.

Na tena kuna hili la nani anashukiwa. Mi nikiwa mdogo nililima kwa plau na ng'ombe kama kaka zangu, mabega yakapanuka, sauti nzito ya ukoo wetu, nikaitwa jike dume mpaka nikazoea kuitika. Hakuna mtu anamshuku mwembamba mwenye sauti nyororo. Mwaka 1966 kwenye mashindano ya Ulaya pale Budapest wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari ili kuthibitishwa. 1968 ikaja kupima kromosomu. Ikaachwa miaka ya 90 baada ya kuumiza watu, kama mkimbiaji Martínez-Patiño wa Hispania aliyefutiwa matokeo na kuanikwa magazetini, alafu tangu tarehe 1 Septemba 2025 imerudi, kila mwanamke anayetaka kushindana mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe jini ya SRY (ile inayoanzisha mwili kuwa wa kiume tumboni) mara moja, pamba shavuni au damu.

Mtaniuliza, sasa wewe unataka nini, unatetea jinsi alafu unalia kipimo cha jinsi. Nataka mpaka uwepo. Naamini kabisa mbio za wanawake zina haki ya kuwa za wanawake, bila huo mpaka binti zetu wasingefika fainali yoyote, na aliyepitia balehe ya kiume ana nguvu ambazo mazoezi hayazifuti. Lakini mpaka unalindwa na mtu, na huyo mtu ana mikono. Nataka kujua anamwambia nini binti wa miaka 17 kutoka Eldoret au Bujumbura siku majibu yakitoka tofauti, kwa lugha gani, mama yake yupo chumbani au hayupo, nani anahakikisha jina halifiki kwa waandishi. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Semenya, alipopinga zile kanuni za homoni, hakusikilizwa ipasavyo na mahakama ya Uswisi. Miaka kumi na sita baada ya Berlin.

Dada wa Uingereza alinipigia baada ya wiki mbili. Tuliongea saa nzima, bando lake. Kumbe kazini kwake kulitokea jambo, ametishwa kwa sababu ya kuuliza swali kwenye kikao, aliogopa kupoteza kibali chake cha kazi, ndo maana ile voisi ilijaa vile. Nilimwelewa. Picha alikuwa hajatuma yeye, akaahidi kumwambia aliyetuma azifute. Yule wa Nairobi na mimi hatujakubaliana mpaka sasa, yeye anasema nikishaweka mwili kuwa msingi nimefungua mlango wa kupekuliwa, mi namwambia mwili unapekuliwa tayari, kila msimu, na nikikosa neno la kuutaja nitampeleka ngariba mahakamani kwa kosa gani.

Bibi mkubwa alifariki 2019. Baba alishatangulia. Siku ya arobaini wapwa wa babu walikuja wakakaa chini ya mti, wakasema mwanamke haoi. Wanaume walewale waliokuwa wanamwamkia na kumwachia kiti! Wakasema kama mwanamke haoi basi bibi mdogo hajawahi kuwa mke wa mtu pale, ni mgeni tu aliyekaa sana, na shamba lirudi kwenye ukoo. Na sheria ya ndoa haiwakatalii, inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, nyumba ntobhu haina cheti. Miaka hamsini bibi jinsia yake ilikuwa mume, kijiji kizima shahidi, na siku anaingia kaburini wakamrudishia jinsi yake ili wapate ekari saba.

Tuliwapeleka baraza la ardhi. Tunategemea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosema mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi ni batili, na kuna ile hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990 kule Mwanza, kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake wakataka kumnyang'anya haki ya kuuza kwasababu ni mwanamke. Wakili wetu anasema ile hukumu bado ina meno. Tunasikilizwa tena mwezi ujao tarehe za mwanzoni, ntashuka na basi la usiku. Bibi mdogo ameniagiza miwani, alisoma elimu ya watu wazima miaka ya sabini na anasema safari hii hati wataisoma wote, hataki kusomewa.